Spana ya Kumi na Tatu

Injini ya pikipiki ilifunguliwa uani pa kituo saa tatu asubuhi, na kufikia saa tatu na nusu Inspekta Warfa alikuwa ameshaamini jambo ambalo baadaye alijuta kuliamini.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya porini, ya Kijapani, yenye tairi za meno makubwa. Ilikuwa imeletwa Garissa juu ya lori la mbuzi kutoka upande wa Habaswein, na samadi ilikuwa imekauka kwenye kiti. Mwenyewe, mchanjaji wa mifugo aliyeitwa Mursal, alikuwa ameshazikwa palepale alipokutwa, kilomita thelathini na moja porini, viatu vyake mkononi na dumu la maji likiwa tupu. Hakuwa na jeraha lolote. Injini ilizimika, akatembea, kiu ikammaliza njiani.

Warfa alitakiwa kujua ilizimika kwa nini. Ndani ya selo alikuwamo Yakub, fundi aliyeitengeneza siku mbili kabla ya safari. Yakub alikuwa pia shemeji wa marehemu, maana Mursal alikuwa amemwoa dada yake, Hani. Watu watatu walikuwa wameandikisha kwamba walimsikia Yakub akimwambia Mursal mbele ya gereji: "Pikipiki hii itakurudisha kwa dada yangu, au haitakurudisha popote." Sababu ilijulikana na mtaa mzima. Mursal alikuwa ameposa mke wa pili Habaswein. Hata Hani mwenyewe alikuwa ametia sahihi kwamba anamshuku kaka yake. Leo ilikuwa Jumatano. Ijumaa saa nne Yakub angepelekwa kortini kwa shtaka la kuua, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wanangoja neno la polisi tu wajue wanakaa pamoja kama wakwe au kama maadui.

"Cheni ya ndani imeruka, kijana wangu," alisema mzee Duale, aliyewahi kuwa fundi wa mashine za kuchimba visima, na ambaye Warfa alimwita kila alipohitaji jicho la mtu asiye na upande. "Hii inayozungusha valvu za juu. Ikilegea inaruka meno, valvu inashuka wakati pistoni inapanda, zinagongana. Angalia, zote mbili zimepinda. Hapo hata angepiga kiki mpaka mwaka ujao."

"Ililegea kwa nini, adeer?" Warfa alimuuliza, kama mtu anavyomuuliza ami yake.

Duale alimwonyesha kwa ncha ya bisibisi. Nyuma ya silinda palitokeza boliti lenye kichwa kidogo, limepita katikati ya nati. Boliti ndilo lililosukuma cheni kwa ndani isicheze, na nati ndiyo iliyolishika boliti lisirudi nyuma. Duale aligusa nati kwa kidole kimoja, nayo ikazunguka.

"Haikufungwa," alisema.

Kona za nati zilikuwa zimeliwa. Palikuwa pia na rangi nyekundu, mstari wenye ndoano mwishoni, ambao ulichorwa kupita juu ya boliti, nati na ubavu wa injini kwa mkupuo mmoja. Sasa vipande vyake vitatu havikukutana.

"Hiyo ndiyo alama wanayowachoma ngamia wao watu wa kina Yakub," Warfa alisema.

"Naijua. Na hii tenshena, hiki kikazio cha cheni, siyo ya kiwandani. Ya kiwandani inajikaza yenyewe, ina springi. Mtu ameitoa, akaweka hii ya kukaza kwa mkono. Mimi ningemuuliza kwa nini."

Warfa aliandika: fundi ametoa kikazio kinachojikaza chenyewe, akaweka boliti la kujitengenezea, akaacha nati wazi. Kwenye karatasi ilionekana safi kabisa, na usafi ule ulimfurahisha.

Yakub aliletwa akiwa na siku mbili za ndevu na mikono ambayo oili haikuwa imeitoka. Alikaa bila kuambiwa.

"Kwa nini uliitoa ya kiwandani?"

"Ilikufa."

"Ilikufaje?"

"Ndani yake kuna meno madogo ya kuishika isirudi. Vumbi ya huku imekula hiyo meno. Ikitaka inashika, ikikataa inarudi nyuma. Iko gereji kwangu, ndani ya mkebe wa maziwa, juu ya rafu. Tuma mtu."

Warfa alituma askari. Mkebe uliletwa, na mzee Duale akakigeuza kile chombo kwenye mwanga wa dirisha, akakisukuma kwa kidole gumba mara nne. Mara mbili kilishika. Mara mbili kiliteleza.

"Anasema kweli," Duale alisema, akaenda zake kunywa chai.

"Ungeagiza nyingine," Warfa alimwambia Yakub.

"Kutoka Nairobi, mwezi mmoja. Ikifika ni ileile, vumbi itakula tena. Na hiyo ikifa haikuambii. Ya mkono inakuambia. Cheni ikilegea inagonga, ta-ta-ta, unasimama, unakaza, unaenda. Mtu analala porini, nikamchagulia ile inayosema."

"Inakazwaje?"

Swali hili Warfa alimuuliza mara tatu kwa saa moja, katikati ya maswali mengine, kwa sababu muongo husahau mpangilio. Mara zote tatu Yakub alijibu vilevile. "Injini ipate moto kwanza. Iache ingurume pole pole. Legeza nati. Zungusha boliti kwa vidole, nguvu hapana, wewe sikiliza tu. Kelele ikiisha, hapo. Ukiendelea cheni inaanza kulia nyembamba, umekaza sana, itajikata. Rudisha kidogo. Halafu shika boliti na spana ya kumi isizunguke, kaza nati na ya kumi na tatu. Spana mbili, mikono miwili. Ukiwa na moja tu, umefanya kazi bure."

"Na wewe uliikaza?"

"Nikaikaza, nikachora rangi juu. Nati ikisogea, alama inakatika. Imekatika?"

"Imekatika."

"Basi kuna mtu ameifungua baada yangu. Labda ni yeye. Cheni mpya inanyooka safari ya kwanza. Nilimwambia, ukifika Habaswein, sikiliza. Nikampa spana mbili, nimezifunga pamoja na kitambaa nyekundu. Nikamwambia, hizi usiazime mtu."

Warfa alifungua mfuko wa vitu vya marehemu, akavipanga mezani. Msahafu mdogo. Daftari la chanjo. Bomba la sindano. Spana moja ya kumi, ina alama ileile ya ngamia iliyokatwa kwa tupa, na kitambaa chekundu kimening'inia.

"Ya kumi na tatu iko wapi?"

Yakub alikitazama kile kitambaa. "Hiyo nakuuliza wewe, Inspekta."

Warfa aliinua kitambaa. Upande mmoja fundo lilikuwa bado limeshika spana ya kumi. Upande wa pili palikuwa na mikunjo ya fundo lililofunguliwa. Halikukatwa wala kuchanika. Spana zikidondoka njiani, zinadondoka zote mbili. Hii ilitolewa na mtu aliyekaa akafungua fundo kwa kucha, bila kukimbizwa na yeyote.

"Na yale maneno ya itakurudisha au haitakurudisha?"

"Niliyasema. Wallahi niliyasema, na nitayajutia mpaka kaburini. Nilikuwa nimeinama kwenye injini yake nikisema hivyo. Mdomo ulikuwa na hasira, mkono ulikuwa unatengeneza." Alijipangusa uso kwa bega. "Dada yangu amekataa kuniletea hata maji. Mwambie tu nilikaza. Mengine mtahukumu nyinyi."

Alhamisi waliondoka na msafara wa alfajiri, Landrova ikiwa nyuma ya malori na gari la askari wa kusindikiza. Konstebo Yarow aliendesha. Kwa kawaida Yarow alikuwa msemaji wa safari, mtu wa kumkejeli mkubwa wake kwa kusinzia kabla hawajatoka mjini. Siku hiyo alikuwa kimya.

"Gari limetulia siku hizi," Warfa alisema. "Halikatai kuwaka tena."

"Ndiyo, afande," Yarow alijibu, macho barabarani.

Warfa alirudi kwenye jalada lake. Alikuwa na shabaha mbili kichwani. Ya kwanza ilikuwa familia ya yule mchumba wa Habaswein, ambako huenda palikuwa na mpinzani. Ya pili ilikuwa spana.

Ya kwanza ilikufa kabla ya adhuhuri. Baba wa mchumba alimweleza, bila kuona haya, kwamba posa ilikuwa imerudishwa wiki tatu zilizopita. Mursal mwenyewe ndiye aliyekuja kuomba udhuru. Alisema mkewe analia, naye hawezi. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Warfa aliandika, akahisi aibu ndogo kwa niaba ya mtaa mzima wa Garissa, yeye akiwamo.

Ya pili aliipata kwa Maka, mwanamke aliyeuza chai na mikate ya anjera kando ya kituo cha malori. Mursal alilala uani kwake usiku wa Jumanne ya tarehe kumi.

"Asubuhi aliwasha bikibiki, akaiacha inanguruma, akaweka sikio karibu," Maka alisema, kila p mdomoni mwake ikigeuka b. "Mimi nikamwambia, huyo ni mgonjwa? Akacheka. Akasema, cheni inagonga, nitakaza. Halafu akaniuliza kama nina sbana ya kumi na tatu."

"Ulikuwa nayo?"

"Niwe nayo ya nini? Tuliuliza kila mahali. Ya malori ni kubwa. Fundi wa bambu ya maji ameenda Wajir. Nikambatia koleo yangu ya jikoni. Inateleza, anarudia, inateleza. Mkono ukatoka damu. Akasema, itashika."

"Kwa nini hakungoja fundi?"

"Nilimwambia angoje, jioni malori yanakuja na watu wa Wajir. Akafungua sanduku ya dawa, akanionyesha barafu. Ilikuwa maji nusu. Akasema, eeddo, shangazi yangu, nikingoja jioni dawa imeharibika, na mbuzi wa watu wanakufa kule."

Warfa aliangalia koleo lililokuwa kando ya jiko. Meno yake yangeweza kuila kona ya nati yoyote. Basi ndiyo hiyo nati iliyoliwa, na ndiyo hiyo alama iliyokatika, na hakuna aliyemwua Mursal. Angepaswa kufurahi. Badala yake aliuliza swali ambalo mpelelezi mwingine mwenye njaa angeliacha.

"Spana yake mwenyewe ilienda wapi?"

"Aliazima watu Modogashe. Gari yao imekataa kuwaka. Yeye akaenda kuswali alasiri. Alibotoka msikitini, wameondoka."

"Watu gani?"

"Hakusema, na mimi nilimuuliza. Nikamwambia, si ungekataa? Akasema, mtu amesimama njiani anaomba kitu uko nacho, utakataaje? Akasema walikuwa na haraka, Mungu awafikishe salama."

Waliingia Modogashe saa tisa na dakika ishirini. Pale kizuizini kila gari huandikwa, liende liendako, na Warfa aliomba kitabu cha Septemba. Askari wa zamu alimwekea kitabu juu ya pipa. Yarow hakushuka garini.

Tarehe kumi, Jumanne. Saa tisa na dakika kumi na tano: pikipiki, Mursal, kutoka Garissa kwenda Habaswein. Chini yake, saa tisa na nusu, lori la mbuzi. Halafu gari la maji. Halafu, saa kumi kasoro dakika tano, Landrova ya serikali, kutoka Wajir kwenda Garissa, watu wawili.

Safu ya mwisho ilikuwa ya sahihi. Warfa aliijua ile sahihi kabla hajaisoma. Aliitia kila siku chini ya maelezo ya watu wengine.

Adhana ya alasiri ilianza. Msikiti ulikuwa hatua mia moja tu kutoka pale, ng'ambo ya mkahawa ambako siku ile gari lilikataa kuwaka na yeye akabaki ndani ya kivuli chake, kofia usoni, jalada la wizi wa ngamia mapajani. Alikumbuka Yarow akigongagonga kwenye betri. Alikumbuka injini ikiwaka. Alikumbuka pia sauti ya Yarow dirishani: "Afande, nimrudishie mtu spana yake, ameingia kuswali." Na alikumbuka jibu lake mwenyewe, kwa sababu alikuwa amelitoa bila kutoa kofia usoni.

"Twende. Utampa siku nyingine. Barabara ni hii hii moja."

Alirudi garini, akafungua mlango wa dereva.

"Iko wapi?"

Yarow aliinama chini ya kiti, akaitoa. Ilikuwa imefungwa ndani ya karatasi ya gazeti, safi, imefutwa oili. Namba kumi na tatu. Kwenye mpini wake palikuwa na mstari wenye ndoano.

"Ulijua."

"Nilijua juzi, afande, nilipoona pikipiki uani."

"Na hukusema."

"Ningesema, ungeniuliza nani aliyesema twende." Yarow alikuwa na machozi na hakuyaficha. "Nilitaka utafute mwenyewe. Nilisema, labda asipate. Halafu nikasema, Mungu wangu, apate. Yule fundi ni mtu wa watu."

Warfa hakumkemea. Alichukua kitabu cha kizuizi, akanakili mstari wote kwa mkono, pamoja na jina lake, akamwomba askari wa zamu aweke sahihi kwamba ndivyo ulivyo. Halafu akaenda kuswali. Alisimama safu ya nyuma, na baada ya salamu akauliza kama kuna aliyemkumbuka mwenye pikipiki.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi alimwachia mkubwa wake karatasi mbili mezani. Moja ilieleza kwamba Yakub hana hatia. Ya pili ilikuwa maelezo ya shahidi, na shahidi alikuwa Inspekta Warfa. Aliandika kila neno alilosema chini ya ile kofia. Alijua wazee wangeyasoma, na kwamba safari hii jamaa yake mwenyewe ndio wangeitwa kukaa mbele ya jamaa ya Mursal kuzungumzia fidia. Alisaini, akaondoka kabla hajaulizwa kitu.

Hani alimpokea barazani, amevaa nguo za eda, akamwekea mkeka na hakukaa mbali. Warfa alimweleza kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza mahakamani, kwa sababu hakujua namna nyingine. Tenshena iliyokufa. Ile iliyochaguliwa kwa sababu husema. Nati iliyokazwa na kupakwa rangi. Posa iliyorudishwa. Hapo Hani aliweka mkono mdomoni, na Warfa akangoja.

"Alirudisha?"

"Wiki tatu zilizopita. Alisema unalia, naye hawezi."

"Hakuniambia."

"Nadhani alitaka akuambie akirudi."

Kisha akamweleza ya Modogashe. Aliweka spana juu ya mkeka. Hani hakuigusa.

"Alikuwa anaswali," alisema.

"Ndiyo. Alasiri. Swala ya jamaa ilikuwa imeshaisha, aliswali peke yake."

"Na nyinyi mlikuwa na haraka."

"Ndiyo."

"Haraka ya nini?"

Warfa alikuwa amelitafuta jibu hilo tangu jana. Alikuwa amepekua hata shajara yake ya kazi. Siku ile hawakuwa na mshukiwa wa kuwahi, wala mgonjwa, wala kikao. "Sikumbuki," alisema. "Dada yangu, nimetafuta, sikumbuki. Nakuomba radhi, na najua haitoshi."

Nje mbuzi wa jirani walikuwa wanapita kwenda mtoni.

"Mtu akiwa safarini," Hani alisema, "alasiri ni rakaa mbili. Hata nne hazikuwa, Inspekta. Mbili tu."

Warfa aliinamisha kichwa.

Hani aliomba ile spana nyingine, ya kumi, pamoja na kitambaa. Warfa alimpa kutoka mfukoni. Akazilaza pamoja mapajani, akazifunga mafundo mawili, akayavuta kwa meno mpaka yakashika. Halafu akamwita shangazi yake kutoka ndani amsindikize, akajifunika mtandio vizuri, akasimama.

"Nipeleke kwa kaka yangu," alisema. "Siku nne hajaletewa maji na mimi."

Warfa aliwafungulia mlango wa nyuma wa Landrova. Yarow aligeuza ufunguo, na injini ikawaka palepale, bila kusita.